Kwa nini unalipia kuangaliwa sikio halafu unatoka bila matone

Juzi mteja katuandikia WhatsApp hapa kliniki kwamba tumempiga hela. Kalipa 15,000, katoka hapa bila hata kichupa cha matone, na hospitali ya rufaa tulikomtuma dawa za TB kapewa bure. Najibu kwa wote maana hii lawama inarudi kila mwezi hapa Mwanga, Kigoma.

Dawa za TB ni bure kweli, hatuziuzi. Ile hela ni ya kazi. Sikio lililojaa usaha ukilimulika huoni kitu, inabidi ufyonze taratibu, ukaushe, ufyonze tena mpaka ngoma ya sikio ionekane vizuri, na kwa mtoto anayelia hiyo ni saa nzima. Sisi hatuharakishi.

Masikio mengi yanayotoa usaha sio TB, TB ya sikio ni nadra sana. Ila likitoa usaha miezi na miezi bila kuuma, usikivu umeshuka sana, ngoma ina matundu mawili matatu na ndani kuna vinyama vyeupe vyeupe, hapo matone sikupi hata ukasirike. Cipro ya matone, antibiotiki ambayo watu wanajinunulia dukani, inawagusa hata wadudu wa TB, inawapunguza bila kuwamaliza, halafu GeneXpert, kile kipimo cha TB, inaweza kusoma hakuna wakati wapo.

Mama mmoja wa Kibirizi, mwanika dagaa, alikuja na miezi nane ya usaha. Alishatumia vichupa vinne, na mawese ya moto juu yake. Kilichomleta sio sikio, ni mdomo ulioanza kupinda, maana mshipa wa fahamu wa uso unapita humohumo ndani ya sikio. Usaha wa kwanza ukasoma hakuna, nikamwambia mama hapana, tusikubali, akaenda rufaa akachukuliwa kinyama cha sikioni kikapimwa, na ndicho kilichosema TB. Akapigwa na picha ya kifua na nyumba nzima ikachunguzwa. Dawa miezi 6: miezi 2 dawa nne pamoja, miezi 4 dawa mbili. Mwezi wa pili sikio likakauka, mdomo ukarudi polepole, usikivu haukurudi wote na hilo linaniuma mpaka leo kwa sababu angekuja mapema tungeuokoa. Hesabu hela ya vile vichupa vinne na nauli, utaona nani kampiga.

Na likikauka usiache dawa, kijana mmoja wa Ujiji aliacha mwezi wa tatu eti kapona, usaha ukarudi.

Ukija njoo na vichupa vyote ulivyotumia hata vitupu, usiweke kitu sikioni asubuhi hiyo, na kama nyumbani kuna anayekohoa muda mrefu au anatumia dawa za TB sema palepale mapokezi.