Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025 hadi Januari 2026, pamoja na maelezo ya ile tarehe 26

Ndugu wanachama, wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana wa kwenye grupu, salaam kwa imani zetu zote.

Katiba ya chama chetu cha wapenzi wa historia ya televisheni inasema mwenyekiti alete taarifa kila mwaka, na mi nimeileta, japo kuna watu walishaanza kusema pembeni eti mwaka huu nitakwepa. Sijakwepa. Nimeichelewesha makusudi ili ile tarehe 26 Januari, tuliyohamishia mkutano mkuu na sherehe yetu mkanilaumu, ipite kwanza, niyaeleze yote kwa pamoja, maana najua wengi wenu mnafungua hii taarifa kutafuta hilo tu.

Shughuli za kawaida napita haraka, mnazijua. Februari tulikumbuka miaka 10 tangu stesheni kubwa za Kenya ziingie gizani kwenye ule ugomvi wa kuhama analojia kwenda dijitali mwaka 2015, wenzetu wa Mombasa wakatusimulia vizuri sana. Juni ikawa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, 2 Juni 1953. Julai ikawa kutua mwezini 1969, na kama kawaida ule ubishi wa walifika hawakufika ukala nusu ya kikao. Oktoba tukaongelea stesheni ya TV ya Ibadan, Nigeria, iliyoanza kurusha 31 Oktoba 1959. Mzee wetu wa Tanga alileta TV chogo yake ya kabati la mbao lenye milango, tukaiwasha ikaonyesha chenga tu lakini watu walifurahi. Kadi za uanachama zimechapishwa. Muhuri umepatikana. Hayo yameisha.

Sasa tarehe.

Miaka yote mkutano mkuu na sherehe yetu tunafanya 21 Novemba, Siku ya Televisheni Duniani. Safari hii kamati chini ya uongozi wangu ikaamua kuihamishia 26 Januari 2026. Nasema kamati kwa sababu kikao kilikuwa cha watu watatu, ambayo ndo akidi ya kamati, na wawili tukakubali, kwa hiyo wale mnaoandika kwenye grupu "mwenyekiti kaamua peke yake" hesabu imewashinda. Na Novemba ile hali ya mji mnaijua wenyewe, sina haja ya kuandika, lakini hata kama mji ungekuwa shwari kabisa mi ningependekeza Januari vilevile, na sababu zangu hizi hapa.

Hiyo 21 Novemba mnayoipigania ni siku ya nini? Mwaka 1996 Umoja wa Mataifa uliitisha kongamano la televisheni, likaanza tarehe hiyo, alafu Desemba mwaka huohuo Baraza Kuu likapitisha iwe siku ya TV duniani kulikumbuka lile kongamano. Yaani tunasherehekea mkutano! Siku ile hakuna mtu aliyegundua kitu, hakuna picha iliyorushwa kwa mara ya kwanza, watu walikaa kwenye viti wakajadili. Na hata huko kwenyewe halikupita laini, Ujerumani walisimama wakasema walio wengi duniani wataiona ni siku ya matajiri maana TV hawana, na kwamba redio ina umuhimu zaidi. Mi sisemi Wajerumani walikuwa sahihi, nasema tu hiyo siku mnayoiona takatifu ilipingwa tangu siku inazaliwa.

Tarehe 26 Januari 1926 ni kitu kingine kabisa. John Logie Baird, Mskochi, hana hela, afya mgogoro, yuko chumba cha juu kabisa mtaa wa Frith, Soho, London, akawaita wanachama wa Royal Institution, taasisi ya sayansi ya hukohuko London, na mwandishi wa gazeti la The Times akawaonyesha sura ya mtu hai inayocheza kwenye kioo. Picha yenyewe ilikuwa na mistari 30 tu, leo hata simu ya tochi ingeionea aibu, lakini ilikuwa ni TV, watu wameshuhudia na gazeti likaandika. Na yule bwana mashine yake ya mwanzo kule Hastings aliiunga kwa sanduku la majani ya chai, boksi la kofia, sindano za kushonea na lenzi za taa za baiskeli, fundi wa Gerezani mtupu! Mtu kama huyo akitimiziwa miaka 100 kamili unataka chama cha historia ya TV kikae kimya kisubiri mpaka Novemba? Hakuna hata mmoja wetu atakayeiona ya 200.

Wakaja wataalamu wetu, wale wawili wa Nairobi mnawajua, wakasema Baird si lolote, mashine yake ilikuwa ya sahani inayozunguka na ilikufa, TV ya kweli ya elektroniki ni ya Philo Farnsworth kule San Francisco tarehe 7 Septemba 1927, kijana wa miaka 21. Nakubali kila tarehe mliyoandika. Najua pia kwamba BBC walipoanza matangazo pale Alexandra Palace Novemba 1936 walikuwa wanatumia mtambo wa Baird na wa kampuni ya Marconi-EMI kwa kupokezana, na mapema 1937 wa Baird wakautupa, tena maabara zake zilikuwa zimeshaungua pamoja na jengo la Crystal Palace usiku wa 30 Novemba 1936, maskini. Haya yote nilishayaeleza mimi mwenyewe kwenye kikao cha mwaka juzi ambacho hao wataalamu hawakuja. Lakini mtoto wa kwanza hata akifa anabaki kuwa mtoto wa kwanza. Farnsworth tutamfanyia yake Septemba 2027 tukijaaliwa, na nawateua hao wawili rasmi kuwa kamati ya maandalizi, tuone.

Lawama iliyoniuma ni ya ndugu zetu wa Unguja. Wameandika kwamba mwenyekiti anawatukuza Wazungu na Zanzibar kaisahau. Mi? Mwaka 2023 tulipofanya miaka 50 ya TVZ, Televisheni ya Zanzibar, nani alivuka maji mara ya kwanza kwenda kuomba ukumbi, nani alisimama mbele ya watu akasema kwamba Zanzibar ilirusha TV ya rangi mwaka 1973, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara, wakati Kenya walikuwa nayo tangu 1962 lakini nyeusi na nyeupe, na Afrika Kusini pamoja na utajiri wao wote walikuwa hawana huduma rasmi ya TV nchi nzima mpaka 5 Januari 1976 kwa sababu serikali ya makaburu iliiogopa kama shetani? Nilisema mimi. Mkapiga makofi. Na sisi wa Dar tunajua deni letu kwenu, maana huku bara Mwalimu aliona TV ni anasa, nchi ina mambo muhimu zaidi, tukakaa bila stesheni hata moja mpaka 1994 zilipokuja ITV, DTV na CTN, na kabla ya hapo aliyekuwa na seti hapa mjini alikuwa anapandisha antena ndefu akiielekeza baharini adake ya kwenu. Mzee Karume aliuawa Aprili 1972 na stesheni ikawashwa wakati wa Mzee Jumbe, seti zikawekwa maskani na vijijini watu waangalie pamoja, hii stori naijua mpaka usingizini. Sasa kosa langu liko wapi? Kumkumbuka Baird siku moja hakuifuti 1973. Yule aliyetoka kwenye grupu kwa hasira mwambieni arudi, namba yake sijaifuta.

Lawama ya mwisho ndo inachekesha. "Mwenyekiti kaweka sherehe Jumatatu." Jamani, tarehe 26 Januari 2026 imeangukia Jumatatu, mi kalenda siitengenezi. Ile ya mwaka 1926 iliangukia Jumanne na watu walikuja! Walikuja kama 40, watu wazima wenye suti zao za jioni, wakapanda ngazi nyembamba mpaka juu, na kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo wakawa wanaingia kwa mafungu madogo wengine wamesubiri kwenye ngazi. Januari ya London, baridi ile. Sisi tulikuwa na ukumbi wa chini, feni nne, viti 60, kituo cha daladala kiko mlangoni, saa 11 jioni watu wameshatoka kazini, na mahudhurio yakawa 11. Kati ya hao 11 mmoja ni kijana wa projekta na mmoja ni mpishi. Mkutano mkuu ukakosa akidi, ndo maana uchaguzi haukufanyika, na hilo liandikwe vizuri kwenye kumbukumbu kwa sababu nimeona mtu ameandika eti mwenyekiti kasogeza tarehe ili asifanye uchaguzi. Uchaguzi unahitaji watu. Watu hamkuja. Mi nilikuwepo tangu saa 8 mchana napanga viti.

Januari ngumu, najua, ada za shule, kodi ya nyumba, sijakataa. Lakini waliothibitisha kwa dole gumba kwenye grupu walikuwa 47, na mi nimepikisha kwa kuamini madole.

Twende kwenye hela, na hapa nitasema wazi. Wanachama kwenye daftari 64, ada 24,000 kwa mwaka ambayo ni 2,000 kwa mwezi, bei ya soda mbili, waliolipa ni 19, jumla 456,000, bakaa ya mwaka uliopita 118,000, michango ya hiari 95,000, jumla kuu 669,000. Matumizi ya sherehe ukumbi 200,000, projekta 50,000, bango 60,000, chakula 420,000, jumla 730,000. Pengo la 61,000 limezibwa na mtu mmoja na wala sitaji jina lake maana sipendi kujisifu, ila mke wake anajua. Madeni ya ada ni 1,080,000, hizo ni za mwaka huu tu, ya nyuma tumeyaacha maana yanatia uchungu. Mnaodaiwa mko 45 na wanne kati yenu ndo wasemaji wakuu kwenye grupu. Kuna mmoja aliandika ujumbe mrefu sana wa sauti, dakika nane, kuhusu uwazi wa fedha, na yeye hajawahi kulipa tangu ajiunge.

Mtu wa kwanza duniani kuonekana kwenye TV alikuwa kijana wa ofisini anaitwa William Taynton, Oktoba 1925, Baird alikuwa anajaribia na kichwa cha mdoli, picha ilipokubali akashuka ngazi mbio kumtafuta mtu hai. Taa zilikuwa zinachoma vibaya na kijana akaogopa akataka kukimbia, Baird ikabidi amlipe shilingi mbili na nusu ndo akae. Hela ya mfukoni mwake, na alikuwa hana. Nilikuwa nimeiandaa hii stori kuisimulia ukumbini, nikawasimulia watu 11, sasa nawapa na nyie bure.

Kuhusu pilau. Imeandikwa kwamba limebebwa kwenda kwangu. Pilau lilipikwa la watu 60, walikula 11 na wengine wakaongeza, lililobaki tuligawa kwa watoto wa madrasa ya jirani na walinzi wa jengo, mweka hazina alikuwepo na ana picha. Sufuria lililoonekana kwenye bajaji likielekea kwangu ni la kwangu, niliazima chama bila malipo, na lilikuwa tupu. Naomba hili lisirudiwe tena.

Mema yalikuwepo pia. Kijana wa projekta alituonyesha picha kutoka kwenye zile sahani za santuri alizorekodi Baird mwishoni mwa miaka ya 1920, ambazo zilikuja kusafishwa kwa kompyuta miaka mingi baadaye mpaka sura zikaonekana, na ukumbi mzima, ninaposema mzima mnanielewa, ukanyamaza. Mzee mmoja akauliza za kwetu ziko wapi. Swali zito. BBC wenyewe walifuta vipindi vyao kibao ili watumie kanda upya, Marekani kanda halisi za data za kutua mwezini zilifutwa zikatumika tena, sasa fikiria za kwetu, za harusi, za taarifa ya habari ya 1995, za mechi, ziko kwenye maboksi ya VHS chini ya vitanda zinaota ukungu.

Ndo maana mipango yetu ijayo ni kuanzisha maktaba ya kanda, tukipata mahali, na mashine ya kuhamisha kanda kwenda kwenye kompyuta, tukipata mfadhili, kuna mtu nimeongea naye ameonyesha nia. Pia tunatarajia safari ya Unguja kwa ajili ya maridhiano. Pia tovuti. Pia kufungua tawi Mwanza, hili lilikuwepo kwenye taarifa iliyopita na bado tunalo. Fulana zitaangaliwa.

Mkutano mkuu utaitishwa upya kabla ya Ramadhani kama ukumbi utapatikana, ikishindikana baada ya Idi, itakuwa Jumamosi, mmeshinda. Ajenda ni moja, uchaguzi, na mi nitagombea tena kwa sababu nimeombwa na watu. Asiyelipa ada hapigi kura, hiyo ni ibara ya saba wala si maneno yangu. Ada anapokea mweka hazina kwenye namba yake ileile, msinitumie mimi alafu mseme nimekula.

Na aliyeondoka na ekstensheni nyeupe ya mita tano airudishe, mwenye ukumbi ananipigia kila siku.

Wenu,
Mwenyekiti