Zuhura, mpini umenidanganya

Msambweni, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaikum. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima, hofu ni kwako na hiyo baridi ya Eldoret. Najua umenuna. Ujumbe wako wa sauti wa siku ya Idd niliusikiliza mpaka mwisho, hata pale ulipovuta pumzi kama mama mkwe. Una haki, miezi minne ya kukunyamazia si mchezo. Lakini nisikize kwanza, ukimaliza ndio unitukane, maana leo mtaka cha mvunguni ni mimi na nimeshainama.

Ni pampu, ile ya maji ya kupiga kwa mkono. Ndiyo, bado pampu. Halima anasema nimeshaolewa nayo, imebaki kutangazwa tu.

Unakikumbuka kile kikopo nilichokuonyesha tulipokutana Likoni, ukaniuliza kama ni cha kuwekea pilipili? Basi kile nimekifunga chini ya mpini wa pampu ya karibu na madrasa. Ndani mna kihisi cha mwendo, ndugu wa kile kinachoijulisha simu yako kwamba umeilaza ubavu, na laini ya simu, na betri. Mpini ukipanda na kushuka, kinahesabu mpigo. Kila saa kinanitumia ujumbe: mipigo kadhaa. Siku ya kwanza mbele ya kamati ya maji nilikiita sensa, Mzee Bakari akauliza serikali inahesabu watu tena kwa ajili gani na wale wa mara iliyopita haijawafanyia kitu. Tangu hapo kinaitwa kikopo.

Wiki mbili za mwanzo nilivimba kichwa. Ujumbe ukiingia naupeleka kwa mama jikoni: leo mipigo elfu moja na mia tisa! Mama anasema haya, leta chumvi. Mweka hazina nikamchorea mistari, asubuhi inapanda, adhuhuri inashuka, alasiri inapanda tena. Akafurahi, akaniuliza kama kikopo kinaweza kumwambia nani hajalipa.

Sasa Jumanne ile. Nimekaa barazani nakuna nazi, Mama Riziki huyo anaingia na mtungi wa lita ishirini, mtupu, akautua mbele yangu pwaa.

"Mwanakombo, hiyo simu yako inasemaje?"

Nikaitoa, nikasoma. "Inasema pampu inafanya kazi. Jana imepigwa mara elfu mbili na zaidi."

"Basi iambie inijazie huu."

Zuhura, pampu ilikuwa imekufa tangu Jumamosi. Siku tatu! Watu wanateka maji kule kwa Mwinyi, mwendo wa nusu saa, na hakuna aliyeniambia kwa sababu walijua kikopo kimeshaniambia. Na kikopo kilikuwa kinahesabu vizuri kabisa. Fimbo imekatika chini, mpini umekuwa mwepesi kama wa mlango, na watoto wa madrasa wamegundua kwamba sasa unaweza kuuning'inia ukabembea. Elfu mbili zote ni wao. Siku ambayo pampu imekufa ndiyo siku iliyopata mipigo mingi kuliko zote tangu nifunge.

Nilicheka, halafu nikaingia ndani nikalia kidogo. Usimwambie Halima.

Alasiri yake tukaifungua na Mzee Salimu, fundi wetu. Hii Afridev, ndiyo aina ya pampu yetu, ndio maana naipenda, kwa kweli. Ilijaribiwa na kurekebishwa hapa hapa Kwale miaka ya 1980, wakati wa zile pesa za msaada za Sweden, na KWAHO, shirika la Kenya la maji na afya, wakawa wanawafundisha kina mama kuitunza. Bibi yangu alijua kufungua pampu kabla baba hajajua baiskeli. Wazo lao lilikuwa mtu wa kijijini aifungue mwenyewe: spana moja, na unavuta fimbo na pistoni juu bila kung'oa bomba lenyewe. Tukazivuta. Ya tatu ikaja peke yake, imekatika kwenye kiungo, mahali pamelika pakawa pembamba kama mfupa wa dagaa. Zilizobaki chini tukazivua na kile chuma cha kuvulia, Mzee Salimu amelala kifudifudi, kofia imemtoka, anasema bismillahi kila inapoteleza. Raba ya pistoni ilikuwa imelainika haina ukingo tena. Akaishika kwa vidole viwili akaniambia, "Hii ilikuwa inakupigia kelele muda mrefu, wewe tu hukusikia."

Hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana ni kweli. Raba ikiwa nzima, mtungi wa lita ishirini unajaa kwa mipigo hamsini hivi. Nimeihesabu baada ya kubadilisha: hamsini na mbili, arubaini na tisa, hamsini. Kabla haijafa, nikirudi kwenye daftari langu, watu walikuwa wanapiga themanini na kitu kwa mtungi mmoja. Mimi nikaona mistari inapanda nikasema mashallah watu wanateka sana. Kumbe maji ni yale yale, jasho ndilo limezidi. Na asubuhi, mtu wa kwanza anapiga ishirini, thelathini kabla tone halijatoka, kwa sababu vali ya chini inavuja na maji yote yaliyokuwa kwenye bomba yamerudi kisimani usiku. Hayo yote yamo kwenye namba zangu. Kikopo kilisikia mikono, hakikusikia maji.

Usiniambie niweke kihisi kwenye mdomo wa pampu. Nishaweka. Kilikaa siku sita, chumvi ikaanza kukila, ya saba mtoto akakizibia na kokwa ya embe. Kwenye mpini ndipo pazuri, hapaonekani, hapaguswi na maji. Na si wazo langu, unajua: ni wale wa Chuo Kikuu cha Oxford, Patrick Thomson na Rob Hope na wenzao, ndio walioanza kuweka kihisi kwenye mpini na kutuma ujumbe kwa simu. Walijaribu kule Kyuso, Ukambani, mwaka 2013, na muda wa pampu kukaa mbovu ukashuka kutoka kama siku 27 hadi chini ya siku 3. Baadaye wakaja huku kwetu Kwale. Watu wakisikia hiyo hesabu wanasifu kifaa. Mimi sasa naona sifa nyingi ni za fundi mwenye pikipiki na raba mfukoni ambaye akipata habari anakwenda, na kuna anayemlipa. Kikopo changu kingesema kweli tangu Jumamosi, angekwenda nani? Mzee Salimu ana miaka sabini na baiskeli isiyo na breki.

Ile ofisi iliyonipa vibao vya umeme na betri, nilipowaomba hela ya raba mbili na fimbo moja waliniambia matengenezo si sehemu ya utafiti. Wanataka michoro ya rangi kabla ya mwisho wa mwezi. Nikawauliza pampu isipotengenezwa mchoro utachorwa wa nini. Wakasema watanirudia. Basi, tuyaache hayo, nikiyaendeleza nitaandika matusi na wewe una mtihani.

Turudi kwenye haja yangu. Kuna kitu wale wale wa Oxford walikichapisha mwaka 2017 ambacho nimekisoma mara nne. Walichukua mtikisiko wa mpini, ule mdogo mdogo ambao mkono wako hauuoni, wakaufundisha kompyuta, na kwa pampu za Kwale hizi hizi wakaweza kukadiria maji yako kina gani chini ya ardhi. Kina, Zuhura! Kwa mpini! Sasa kama mtikisiko unajua maji yako mbali au karibu, utashindwaje kujua kama yapo au hayapo?

Kwa hiyo nimekaa chini ya mwembe wiki tatu na daftari. Kila anayekuja namwandika: saa, mtu mzima au mtoto, mipigo mingapi kabla ya maji, mingapi mpaka mtungi ujae. Na mtikisiko wote kikopo kilikuwa kinauhifadhi kwenye kadi tangu mwanzo, pamoja na ule wa siku zile tatu. Nina watekaji 611. Mama Riziki amenipa jina la mhasibu wa mwembe.

Kwa macho naona tofauti. Ukiwa na maji, kuukandamiza mpini kuna uzito, unakwenda polepole halafu unarudi. Ukiwa mtupu, unakwenda na kurudi sawasawa, na mwisho unagonga chuma, ka! Nikadhani nimemaliza. Nikaandika programu fupi, ikapatia karibu zote. Nikamwita Halima aje aone.

Usiku nikakaa nikafikiri, nikagundua ujinga wangu. Mipigo yangu mitupu yote imetoka siku zile tatu, pampu moja, tena mchana, tena kwa wavulana wa madrasa. Na yenye maji karibu yote ni ya kina mama asubuhi. Sasa programu yangu imejifunza nini, kutambua maji au kutambua wavulana? Nikaijaribu kwa yule binti mdogo wa Rehema, ana miaka minane, anauning'inia mpini kwa mwili mzima ndipo ushuke, na maji yanatoka vizuri tu. Programu ikasema pampu imekufa. Nikamleta Mama Riziki (yule mwili unaujua) wakati tumeifungua, hakuna pistoni, nikamwomba apige mara thelathini hewa tupu. Alinitazama kama nimechanjiwa uchawi, lakini akapiga. Programu ikasema maji tele.

Kwa hiyo sina kitu. Au nina kitu, sijui.

Nahitaji mipigo mitupu ya watu wazima na mipigo ya watoto yenye maji, na nahitaji pampu nyingine, maana hii ina bushi, zile pete za kushikilia mpini, zimelika zinatetemeka kwa namna yake na naogopa programu inaijua sauti ya hii tu. Lakini nitamwomba nani aje apige pampu mbovu? Na siwezi kuharibu pampu nzima makusudi ili nipate somo, kamati wataning'oa mimi. Mzee Salimu ameshauri nisubiri, pampu zitakufa zenyewe, ndiyo desturi yao. Anasema kweli. Lakini kila nitakayoisubiri ife, kuna mtu anakwenda nusu saa na mtungi kichwani ili daftari langu lijae. Hapo nakwama, sijui nilitazame vipi jambo hili.

Nilichofikiria ni kuacha kutafuta "ipo" na "haipo". Badala yake nimtazame mtu kwa mpangilio wake: anapiga, anapiga, anapumzika, anabadilisha mtungi, anapiga tena. Anayeteka maji ana mwisho, mtungi ukijaa anaacha. Wanaobembea hawana mwisho. Na ile hesabu ya hamsini kuwa sitini, sitini kuwa themanini, wiki baada ya wiki, hiyo haijali sana wewe ni mnene au mtoto, maana pistoni inapita urefu ule ule mpini ukishushwa mpaka mwisho. Labda hiyo ndiyo ingeniambia raba inakwisha kabla fimbo haijakatika. Labda. Wewe ndiye uliyesomea, mimi nina spana.

Sasa niambie. Nikikutumia kadi yenyewe kwa basi utaifungua, au niipandishe kwenye intaneti ya pale maktaba usiku bando likiwa rahisi? Unaweza kuandika kitu kidogo kinachotosha kukaa ndani ya kikopo chenyewe, bila kuuliza mtandao, na kisinywe betri? Nikikugawia data, nikufiche ile ya Mama Riziki mpaka mwisho, kisha tuone kama itamkosea tena? Unadhani mpangilio wa kuteka unatosha, au najidanganya mara ya pili? Yule mwalimu wako wa vibao, yule aliyemkataza Sudi kula darasani, bado yupo? Angekubali kuona? Na wewe hujambo kweli? Lile jambo la Mombasa limeishaje? Mama yako ananiuliza mimi kila Ijumaa kana kwamba ninyi mnaongea, na mimi nasema hajambo hajambo, nitasema uongo mpaka lini? Utakuja lini?

Raba nililipa mwenyewe. Usiniulize.

Ngoja. Saa nne hii ya usiku na simu imeingia ujumbe: mipigo arubaini na sita, kisha kimya. Nani anateka maji saa hizi? Arubaini na sita ni mtungi mmoja kasoro kidogo. Hawezi kuwa mtoto usiku huu. Nachukua tochi.

Wako,
Mwanakombo