Dari ya boriti na spika za kilo 100: tunachoangalia kabla ya kuzipandisha

Mteja wa duka letu akishachagua spika kubwa za kusimama na bei ikakubalika, hubaki swali moja, na mara nyingi huulizwa na mwenye nyumba aliyefuatana naye: "Dari itahimili?" Dari ndiyo sakafu ya ghorofani ambako spika zitasimama, kwa hiyo ana haki ya kuuliza. Bowers & Wilkins 801 D4 moja ina kilo 100 na kidogo. Focal Grande Utopia EM Evo moja ina kilo 265, na spika hazinunuliwi moja moja.

Kwa ghorofa ya zege iliyojengwa kwa michoro ya mhandisi, jibu letu ni fupi: itahimili. Viwango vya Uingereza, ambavyo wahandisi wetu wengi wamevitumia kwa miaka, vinataka sakafu ya nyumba ya kuishi ibebe angalau kilo 150 hivi kwa kila mita ya mraba. Sebule ya mita 4 kwa 5, mzigo ukitandazwa chumba kizima, hiyo ni tani 3. Sofa waliyokalia watu wazima watatu inakaribia kilo 300, na hakuna anayewaambia wageni wasikae. Kinachoumia katika nyumba hizi ni marumaru. Spika nyingi nzito zina miiba ya chuma chini, na kilo 25 zikishukia kwenye ncha moja iliyochongoka, kigae kilichoachwa na uwazi chini yake hupasuka. Sisi hukigonga kwanza kwa sarafu. Kikilia kama debe tupu, spika inasogezwa. Kikilia kizima, bado tunaweka visahani vya chuma chini ya miiba.

Mji Mkongwe ni habari nyingine. Kule dari ni boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Ndiyo maana vyumba vingi vya zamani ni vyembamba, upana wake karibu mita 3: urefu wa boriti ndio uliopanga chumba. Wateja hudhani mti hauna nguvu mbele ya zege. Mkoko ni mti mgumu sana, na dari hizo zimebeba mawe yake zenyewe kwa zaidi ya miaka 100. Boriti nzima haitutishi. Kinachotutisha ni ncha zake, zile zilizozama ndani ya ukuta ambako jicho halifiki.

Paa likivuja, maji huteremka ndani ya ukuta, ukuta hubaki na unyevu, na ncha za boriti huoza polepole huku katikati ikionekana haina neno. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Boriti hupinda zaidi ukiilemea katikati, kwa hiyo uzito hutakiwa karibu na ukuta. Na ukuta ndio huohuo wenye ncha zilizooza.

Kwa sababu hiyo hatuanzii kwenye chumba cha spika. Tunaanzia chumba cha chini yake, kwa tochi, ngazi na bisibisi. Tunatafuta madoa ya maji, chokaa iliyobanduka, unga wa mbao sakafuni, boriti iliyoshuka kuliko wenzake. Kisha tunachoma karibu na ukuta. Bisibisi ikizama kama kwenye boflo, hatupandishi kitu. Tumewahi kurudisha spika dukani kutoka mtaa wa Kiponda zikiwa zimeshalipiwa, zimefika mlangoni. Mteja alikasirika, na tulimwelewa. Nyumba kama hiyo inahitaji mhandisi anayejua majengo ya chokaa, na matengenezo yake yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Kigogo cha kuegemezea chini ya dari si matengenezo.

Boriti zikiwa nzima, tunalaza ubao mnene wa mvule kukatisha boriti, si kufuata urefu wake, ili uzito wa spika ugawanywe kwa boriti nne au tano. Miiba inakaa juu ya ubao. Sabufa, yaani spika ya besi pekee, tunashauri ibaki nyumba ya chini kabisa, kwa sababu besi hutikisa dari ya boriti: muziki wenyewe unakuwa na mvumo usiopendeza, na jirani wa chini anadondokewa na vumbi la chokaa.

Jambo moja wateja hawaliulizi, nasi tunalitaja kila mara. Spika husimama kimya mahali pake. Watu 20 wanaocheza na kuruka kwa pamoja mbele yake, usiku wa harusi, ni mzigo mkubwa kuliko jozi yoyote ya spika tuliyowahi kuuza, na ni mzigo unaopiga. Katika nyumba ya boriti, sherehe ya kucheza iwe uani.

Kuja kuangalia dari hatutozi. Tunaomba tu uongee mapema na anayeishi chini yako atufungulie mlango, maana kazi yote iko kwake.