Barua kwa Amisi: zile mbegu ulizoniomba

Lubumbashi, Katuba
Tarehe 9 Julai 2024

Ndugu yangu Amisi,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Baridi ya huku imeshika kweli. Mama amehamia kando ya mbabula, jiko letu la makaa, na hataki kuondoka hapo mpaka jua litoke. Anakusalimu, anauliza kama Arusha mnapata sombe, yale majani ya muhogo.

Barua yako ya Machi niliipata, na ya pili, na ile fupi uliyoniuliza kama bado niko hai. Nilikuwa njiani. Nimekwenda Kasai, nimerudi, na mbegu za bangi ulizoniomba sikukuletea. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika, maana wageni wako watakuuliza, na ni vizuri uwe na la kuwajibu.

Ujue kwamba sikwenda kwa ajili yao peke yao. Babu yangu alitoka Kasai akaja huku Katanga kutafuta kazi ya shaba, baba akazaliwa huku, nami nikazaliwa huku. Mwaka 1993, Wakasai walipokuwa wakifukuzwa Katanga, shangazi zangu walipanda treni na magodoro na masufuria yao. Sisi tulibaki kwa sababu mama ni mtu wa hapa. Nilikuwa na miaka 8. Tangu siku ile reli hiyo kwangu ilikuwa njia ya kuchukua watu, na sikuwahi kuipanda. Ulipoandika kwamba wazungu wako wawili wanazunguka Afrika kutafuta mbegu za bangi za zamani, zile zilizopandwa na wazee kabla hazijachanganywa na za kisasa, nilikumbuka neno moja la bibi yangu: diamba. Alikuwa akilitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anavyotaja jina la marehemu mbele ya watoto. Nikasema basi, nitakwenda.

Nilikaa siku 5 ndani ya treni mpaka Mwene-Ditu. Sikujuta hata siku moja. Nilikuwa nasikiliza maneno yakibadilika dirishani. Kamina watu bado wanasema bangi, kama mimi na wewe. Neno hilo lilitoka India, likashuka pwani kwa majahazi, likapanda na misafara mpaka huku ndani. Ukipita Kaniama ukakaribia Luputa, Kiswahili kinapungua midomoni mwa wachuuzi wanaokimbia kando ya mabehewa, na bangi inageuka diamba. Na diamba nayo imesafiri: watu waliouzwa utumwani kutoka Angola na Kongo walifika nayo Brazil, na huko Wabrazili waliiita diamba na liamba. Fikiria mtu amenyang'anywa kila kitu, mpaka jina lake, lakini jina la mmea wa kwao analo.

Jambo jingine dogo: kwa Tshiluba, lugha ya kule Kasai, "baba" ni mama. Nilishuka Mwene-Ditu nikamwita mzee mmoja baba, akanitazama sana, kisha akanifundisha taratibu kusema tatu. Nilikuwa nimeishi miaka karibu 40 nikijiita Mkasai.

Njia ya kutoka hapo sitakusimulia sana. Siku moja pikipiki, siku mbili baiskeli, mchanga mtupu, na tairi lililopasuka mara 4 likazibwa na kipande cha kandambili. Kijiji pia sitakitaja, hata kwako.

Nilifikia kwa dada mdogo wa babu yangu. Kule bibi anaitwa kaku, nami nitamwita hivyo. Ni mwembamba, mrefu, macho yameanza kuingia ukungu. Nilimweleza nilichokuja kutafuta. Hakujibu. Aliniletea ungo wa maharagwe nipepete, na siku mbili nzima nilipepeta, nikachota maji, nikala nshima na matamba, yaani ugali na majani ya muhogo, na hakuna aliyetaja diamba. Jioni ya tatu akasimama, akanyoosha mkono kwenye uchaga juu ya moto, akashusha kibuyu kilichopakwa masizi mpaka kinang'aa. Kilikuwa kimezibwa na gunzi la mahindi.

Amisi, mimi nilitegemea kibuyu cha diamba. Kumbe kilikuwa kibuyu cha nyumba. Mlikuwa na maharagwe ya aina 6, mekundu, ya madoa, meusi, ufuta, bamia, mahindi meupe ya punje ndogo, vyote vimezikwa kwenye majivu makavu. Chini kabisa kulikuwa na kitambaa cha kitenge kilichofungwa fundo, na fundo lile alilifungua kwa meno. Ndani yake mbegu kijivu, ndogo kuliko punje ya pilipili manga, zenye mishipa myeusi kama ganda la yai la kware. Alizimwaga kwenye ungo, akaanza kuzichambua kwa vidole kwa sababu macho hayamsaidii tena. Moja baada ya nyingine aliiviringisha kati ya kidole gumba na cha pili, akaibana kidogo kwa ukucha. "Hii imekufa." Anaitupa. "Hii imelala." Anaiweka kando. Zilizobaki zilikuwa 31.

Nilimuuliza zinaitwaje. Akasema zinaitwa diamba dia mamu, diamba ya mama, kwa kuwa mama yake ndiye aliyempa. Wageni wako wanatafuta jina la kuandika kwenye pakiti. Hilo ndilo jina.

Wewe na mimi tulisoma kilimo pamoja, lakini hakuna aliyetusimulia historia ya watu hawa wa Kasai. Mjerumani Hermann von Wissmann alipopita nchi ya Lulua mwaka 1881 pamoja na Paul Pogge, aliwakuta watu waliojiita Bena Diamba, wana wa diamba, chini ya chifu Kalamba Mukenge na dada yake Sangula. Walikuwa wamechoma dawa na hirizi za zamani, wakakubaliana kuacha vita vya kijiji na kijiji, na walikuwa wakivuta pamoja kwenye kibuyu kikubwa. Nchi yao waliiita Lubuku, na Wissmann aliandika kwamba maana yake ni urafiki. Mwaka 1884 kikajengwa kituo cha Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo. Mwaka 1903 serikali ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, ikapiga marufuku kulima na kuuza mmea ule. Hesabu mwenyewe: ndani ya miaka 22 tu, mmea uliokuwa mkataba wa amani wa watu ukawa kosa la jinai, na mpaka leo ni kosa. Mimi sivuti, unanijua, wala sisemi watoto wetu wavute. Nimeona vijana wa mtaa huu walioharibika akili. Lakini kilichofutwa pale hakikuwa moshi peke yake.

Kaku alilifahamu hilo bila vitabu. Mtoto wa kaka yake alikaa gerezani kwa miche michache. Ndiyo maana alinipima siku mbili kwa maharagwe.

Kisha akaniambia habari za mwaka 2017. Vita vya Kamuina Nsapu, kati ya waasi wa Kasai na jeshi la serikali, vilipofika kwao, walikimbia na kulala porini miezi mingi. Nyumba zilichomwa, maghala yalichomwa. Yeye alitoka na mjukuu mgongoni na kibuyu kile mkononi. Chungu aliacha. Nguo aliacha. Waliporudi, majirani walikuja kwake kuomba maharagwe ya kupanda, akawagawia kiganja kiganja, na mashamba yote ya maharagwe niliyoyaona pale yametoka ndani ya kibuyu hicho.

Unakumbuka somo la Vavilov, yule Mrusi aliyezunguka dunia akikusanya mbegu, akafa gerezani mwaka 1943? Na wenzake wa Leningrad waliokufa njaa mji wao ulipozingirwa na Wajerumani huku wakilinda magunia ya mpunga na ngano? Tulipofundishwa hilo nililia, ukaniuliza kuna nini. Nilipokuwa nimekaa jikoni kwa kaku nililia tena, na safari hii hakuna aliyeniuliza.

Sasa nifike kwenye wageni wako.

Mimi si mtu wa kwanza kwenda kuulizia diamba kijijini kwao. Miaka ya nyuma, kabla ya vita, alipita mgeni akiongozwa na kijana wa mjini. Alikuwa mpole, alikula nao, alipiga picha. Alichukua kiganja cha mbegu kwa binamu mmoja, na kwa shukrani mgeni akaacha pakiti ya mbegu zake, pakiti inayong'aa yenye picha ya maua manene. Binamu akazipanda bondeni. Zilitoka fupi, nene, zikachanua upesi, na mvua ya kule ilipozikuta zimefumbata hivyo, maua yakaoza kwa ukungu. Diamba ya kienyeji ni ndefu kuliko mtu, majani yake membamba kama vidole vya mtoto, ina nafasi kati ya tawi na tawi, upepo unapita ndani yake na mvua inateremka. Imekaa na mvua hiyo vizazi na vizazi.

Maua ya mgeni yalioza, lakini chavua haikuoza. Huu ni mmea wenye dume lake na jike lake, na upepo ndio mshenga. Dume moja likisimama bondeni, chavua yake inapita mto na mlima. Msimu uliofuata kila mbegu iliyovunwa pale ilikuwa na damu ya pakiti ile. Leo ukitembea bonde zima unaona miche ya kila sura na hakuna aliye na ya mama. Kaku aliniambia, na nimeiandika kama alivyosema: "Aliyekuja kutafuta ya zamani ndiye aliyeimaliza."

Zimebaki 31 zilizofungwa fundo kabla ya pakiti ile kuja. Na kwa joto la kule, baada ya miaka mingi hivyo, mimi na wewe tunajua ni ngapi zitaota. Kaku hawezi kuzipanda kwa kuogopa sheria, tena bonde limeshachafuka. Nami singeweza kuzibeba. Alinipa, Amisi. Alizisukuma mbele yangu kwenye ungo akasema chukua, wewe ni mtoto wa nyumba. Nilizirudisha ndani ya kitenge kwa mkono wangu. Kizuizi kimoja tu njiani kingetosha kunipeleka gerezani na kumfikia yeye, na hata ningefika salama, zingeishia kwenye begi la watu wasiomjua, na mwakani zingeuzwa kwa jina walilobuni wao.

Usidhani nawachukia wageni wako. Wana haki kuogopa kwamba mbegu za asili zinapotea, kweli zinapotea. Kule Morocco, kwenye milima ya Rif, wakulima wana yao wanayoiita beldia, inayoishi kwa mvua tu, na zilipoingia aina za kigeni zilikunywa maji ya visima. Mwaka 2021 nchi ile ilitoa sheria ya kuruhusu kilimo kwa dawa na viwanda. Lesotho ilianza kutoa leseni mwaka 2017, Malawi wakatunga sheria yao mwaka 2020. Siku moja na sisi tunaweza kufika huko. Siku hiyo makampuni yatakuja na mbegu zao na karatasi zao, na mtu wa Kasai atakuwa kibarua kwenye mmea ambao mababu zake walijiita wana wake. Hilo ndilo linaloniuma, na sitalificha.

Basi waambie hivi. Wakija huku, wasibebe pakiti yoyote, hata moja, hata ya zawadi. Wasimwombe mkulima avunje sheria kwa ajili yao, kwa sababu wao watapanda ndege na yeye atabaki na polisi. Na wakitaka kweli kulinda kitu, waanze na maharagwe, ufuta na mahindi ya kibuyu kile. Hakuna sheria inayokataza, na vinamezwa vilevile na mbegu za dukani. Ni kibuyu hichohicho. Anayelinda mbegu za chakula ndiye aliyelinda na diamba. Mkono ni mmoja. Wakikubali hayo, nitakwenda nao mpaka Mwene-Ditu, na kaku mwenyewe ataamua kama watafika kwake.

Nilichorudi nacho ni daftari. Kurasa 42. Majina ya mbegu zote za kibuyu, nani alimpa nani, zinapandwa mvua ya ngapi, majivu ya mti gani, na namna ya kusikiliza mbegu kwa ukucha. Kaku alitaka niandike kwa Tshiluba kwanza, ndipo niweke Kiswahili pembeni. Nitakutumia nakala nikimaliza kuisafisha.

Asubuhi ya kuondoka aliniomba kitu kimoja, miwani, ili aone mbegu tena. Nimezunguka hapa mjini nikapata ya namba 3, nimeifunga kwenye soksi ya sufu isivunjike, na kijana mmoja anayesafiri Ijumaa amekubali kuifikisha. Nimemwekea na kilo 2 za chumvi.

Msalimie sana shemeji na watoto. Mwambie Zaina barua yake kwa mama ilifika, mama anaitunza ndani ya Biblia.

Ni mimi ndugu yako,
Ilunga