Simkadi haijatokana na simu

Mhariri, naomba nafasi nimjibu yule msomaji aliyeandika kwamba simkadi ni kadi ya simu, eti sim ni simu iliyokatwa mkia. Wengi wanaamini hivyo na siwalaumu, maneno yanafanana kweli, ila hata ukoo hawana.

Simu yetu asili yake ni Kiajemi, huko sim ni waya. Ndo maana wazee walikua wanaita simu hata telegramu, kitu ambacho hakina sauti kabisa, na waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, wakati simu ya kuongelea ya Bell ilikua na miaka mitatu tu tangu ivumbuliwe.

SIM ya simkadi ni herufi za mwanzo za Subscriber Identity Module, yaani kifaa cha kumtambulisha mteja. Kadi za kwanza zilitengenezwa 1991 na Giesecke & Devrient ya Munich, Ujerumani, kampuni ya simu ya Radiolinja ya Finland wakanunua 300. Enzi hizo ilikua kubwa sawasawa na kadi ya benki, ikapunguzwa weee mpaka hii nano ambayo ikidondoka mnahamisha makochi.

Sasa angalia hapo pameandikwa mteja, hapajaandikwa simu. Ndani ya kadi kuna namba ya utambulisho na kuna siri ambayo mtandao nao unayo, ukiwasha simu mtandao unarusha namba yoyote tu, kadi inaipigia hesabu kwa kutumia ile siri na kurudisha jibu, likilingana unaingia, siri yenyewe haitoki ng'o. Ndo maana ukichomeka kadi kwenye simu ya kuazima bado unapatikana kwa namba yako, wakati IMEI, yaani namba ya kuitambulisha simu yenyewe, inabaki na simu yake. Na matapeli wanalijua hili vizuri, hawahangaiki kukupora simu, wanamdanganya mfanyakazi wa kampuni ahamishie namba yako kwenye kadi yao, we unashtukia mtandao umekata na pesa zinahama.

Kuna watakaosema basi tuite laini yaishe. Mimi mwenyewe nasema laini kila siku, ni fupi na inaeleweka, ila hiyo nayo ni line ya Kiingereza, waya wa simu, yaani tumezunguka tukarudi kwenye waya uleule wa Waajemi na kadi yenyewe haina waya!

Msomaji wako wa siku zote