Malalamiko: mmeniuzia dawa ya bakteria nitibu ubwiri unga wa mikorosho

Kwa Meneja Mauzo,

Salaam. Mimi mkulima wa korosho huku Newala, mteja wenu wa siku nyingi. Mwezi wa saba mikorosho imeanza kutoa maua nikaona unga mweupe kwenye vishada na majani machanga, nikakata tawi nikampelekea wakala wenu dukani, akaliangalia akasema hii bakteria, akanipa streptomaisini yenye nembo yenu, eti salfa imepitwa na wakati, hii ndo kiboko yake. Nikanunua ya shamba zima, risiti ninazo.

Jamani ubwiri unga sio bakteria, ni fangasi! Ule unga wenyewe ndo fangasi aliyekaa juu ya ua, na antibayotiki haiui fangasi hata upulize asubuhi na jioni. Ugonjwa wa bakteria kwenye mikorosho, ule wa Xanthomonas uliokutwa Brazil, hauna unga kabisa, unaleta madoa meusi kama yamelowa maji, yanafata mishipa ya jani mpaka kwenye korosho mbichi. Anayetuuzia dawa sisi watu wa Mtwara anashindwaje kutofautisha doa na unga? Na TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, wapo hapahapa Mtwara, korosho ndo kazi yao, mngewauliza tu.

Kinachoniuma zaidi ni muda. Ubwiri unapiga ua likiwa changa, likishakauka ndo basi tena, msimu umeisha mpaka mwakani. Majirani waliopuliza salfa alfajiri, umande bado upo ili ishike, saivi wanaona korosho changa, mimi nina vishada vikavu vyeusi. Alafu streptomaisini ni dawa ya kifua kikuu pia, mnatumwagisha mashambani bila sababu bakteria waizoee, hilo nalo mmelifikiria?

Naomba mnirudishie hela yote ya dawa, na mtume mtaalamu aje aone shamba kabla vishada havijapukutika tukae tuongee kuhusu hasara. Huyo wakala asiuze tena mpaka afundishwe magonjwa ya mikorosho, na kwenye pakiti muandike kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, HAITIBU UBWIRI UNGA. Nakala naipeleka kwa afisa kilimo wa kata na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Nasubiri majibu ya maandishi, sio simu.

Mkulima, Newala