Msiwafundishe kuwa na vichwa viwili: barua kwa wahadhiri wapya wa vyuo vikuu vya Kanisa

Wanangu,

Bwana asifiwe. Nasikia mmepewa semina ya siku nzima kuhusu kuunganisha imani na taaluma, mkatoka na fomu ya mpango wa kozi yenye kisanduku cha "mstari wa Biblia". Sina ugomvi na mstari. Ila nimefundisha baiolojia kwenye chuo cha Kanisa mpaka nikastaafu, na nimeona mistari mingi ikibandikwa juu ya mihadhara kama stempu juu ya bahasha isiyo na barua. Niwasimulie kosa langu, maana nalijua vizuri kuliko mafanikio yangu.

Mwaka mmoja tuliwapeleka wanafunzi Oldupai. Kwenye makumbusho wakaelezwa habari za fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, aliloliona mtafiti Mary Leakey mwaka 1959, ambalo umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Tukirudi, binti mmoja, mtoto wa mchungaji, akaja kukaa karibu yangu ndani ya basi. "Mwalimu, sasa mimi niamini nini?" Alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Nami nikamjibu kama mtu anayefukuza inzi: "Kwenye mtihani andika milioni 1.75. Ya kanisani ni ya kanisani." Akasema asante, akarudi kwenye kiti chake. Hakuniuliza swali jingine mpaka anahitimu. Alifaulu vizuri sana, na hapo ndipo panaponiuma.

Siku ile nilimpa vichwa viwili, kimoja cha mtihani na kimoja cha ibada, nikamwachia kazi ya kuvizuia visikutane. Mtu wa namna hiyo hukesha Ijumaa akiomba kwa machozi, na Jumatatu akapika takwimu za tasnifu yake bila kusikia chochote kikimchoma.

Ningeweza kumwambia habari za Augustino, Mwafrika mwenzetu, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria. Akifafanua kitabu cha Mwanzo, aliwakemea Wakristo wanaosema ovyo kuhusu mbingu na nyota mbele ya watu wanaozijua, kisha wakasingizia Maandiko. Msikilizaji, alisema, atajiuliza: kama wamekosea katika jambo ninalolijua, nitawaaminije wakinieleza ufufuo? Hayo aliyaandika zaidi ya karne 14 kabla ya Darwin na nadharia yake ya mageuzi. Halafu tunaambiwa swali la yule binti limeletwa na usasa!

Lakini mfano ninaoupenda uko hapa jirani, hospitali ya Mulago, Kampala. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mtu wa Biblia na sala, mwenye jicho moja tangu utotoni. Mwaka 1957 aliitwa kumwona mtoto mwenye uvimbe wa ajabu kwenye taya. Baadaye, akiwa Jinja, akamwona mwingine. Wengine wangeandika "saratani" na kugeukia kitanda kinachofuata. Burkitt alipekua majalada, akachapisha makala mwaka 1958, akazipelekea hospitali za Afrika, nyingi zikiwa za misheni, barua zenye picha: je, nanyi mmeuona? Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakapanda gari kuukuu, wakasafiri kuelekea kusini kwa takriban wiki 10, maili zipatazo 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Kwenye ramani wakaona kwamba ugonjwa huo hukwepa nyanda za juu zenye baridi. Vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege hadi London ndivyo vilivyowawezesha watafiti Epstein, Achong na Barr, mwaka 1964, kuona kirusi, cha kwanza cha binadamu kuhusishwa na saratani.

Makala zake hazina mstari wa Biblia. Ila mimi naiona imani yake kwenye vumbi la ile barabara, kwa jinsi alivyokataa kumsahau mtoto mmoja, na kwa jinsi alivyoiacha ramani iseme yenyewe bila kuilazimisha. Na zile hospitali za misheni zilizojibu barua zake, nani alizijenga?

Kwa hiyo ombeni mwanzo wa kipindi, ni vizuri. Ila msiombe dakika kumi kisha mkasoma madesa yaliyogeuka rangi. Sahihisheni mitihani kwa wakati. Mkiulizwa msilolijua, semeni hamlijui, mkalitafute. Mwanafunzi Mwislamu aliyekuja chuoni kwenu, nao ni wengi, swali lake lipewe uzito uleule anaopewa mwanakwaya. Na yule anayeongoza maombi asubuhi, kisha jioni anamwita binti ofisini kuzungumzia "sapu" yake, yaani mtihani wa marudio, mlango ukiwa umefungwa, huyo keshafundisha theolojia yake yote. Asitafutiwe semina, atafutiwe kamati ya nidhamu. Nimelisema kwa sababu najua wengine hawatalisema.

Yule binti sasa ni mwalimu wa sekondari. Mwezi uliopita nilipata namba yake kwa mwenzake, nikaamua nimwandikie kwanza barua, ya mkono, nikianzia pale kwenye basi. Niko ukurasa wa pili, na bado sijafika kwenye jibu.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu.